Ugonjwa Uko Baada ya Ila

Kumwambia Apolonia kwamba alikata miguu ya vitanda vya serikali kwa ujinga kulikuwa ni kujitafutia maneno. Walimwambia wengi, na kila mmoja alijibiwa lake.

Mwaka ule ulikuwa 1956. Hospitali yenyewe ilikuwa ndogo, ukitoka Ipogolo unapanda kwenda Kilolo: wodi mbili, jiko la nje, na dirisha la dawa ambapo wagonjwa walipanga foleni ndani ya ukungu tangu alfajiri. Leo haipo tena. Apolonia alikuwa mhudumu wa wodi. Anafagia, anachemsha maji, anabadili mashuka, anamlisha asiyeweza kujilisha. Mjane wa miaka arobaini na kitu, mama yake Marcelino, mfupi, mwenye mdomo. Kusoma alijifunzia kwenye katekisimu, na kubishana alizaliwa nako.

Sasa vile vitanda. Vilikuwa vya mbao nzito, virefu, vinamfika mtu kiunoni. Aliyeviagiza alitaka fagio lipite chini bila mfagiaji kuinama. Na kweli fagio lilipita vizuri sana. Wazee ndio walioshindwa kupanda, na waliopandishwa walishindwa kushuka. Asubuhi moja bibi mmoja alitaka kwenda haja, akaona haya kuita, akajitupa chini mwenyewe. Akavunjika nyonga. Hakutembea tena. Dresa mkuu, yaani mganga msaidizi aliyesimamia hospitali, Bwana Fanueli, aliandika kwenye cheti chake neno moja tu, "Uzee", kana kwamba uzee ndio uliomsukuma kitandani.

Apolonia alikasirika, na hasira yake haikuwa ya kukaa nayo tumboni. Alingoja Fanueli aende likizo. Siku ile ile akavipakia vitanda vinne kwenye lori la kuni, akateremka navyo Ipogolo kwa Muhidini, fundi seremala.

"Mama Marcelino," akasema Muhidini akivizunguka, "watu huniletea vitanda niwape miguu, wewe unataka niikate?"

"Kata. Mzee akikaa, nyayo ziguse chini."

"Na wenyewe wakiuliza?"

"Waambie ni mimi. Jina langu unalijua."

Muhidini alicheka mpaka akaweka msumeno chini, kisha akakata. Vitanda vikapangwa kwenye chumba cha mwisho, kilichokuwa stoo ya Fanueli, na masanduku yake yakahamia chini ya paa la jiko. Watu wakakiita chumba cha vitanda vifupi. Habari zikapanda milima zenyewe. Wazee ambao hawajawahi kukanyaga hospitali wakaanza kuja, kwa sababu wameambiwa kuna mahali mtu anapanda kitandani mwenyewe, na kuna mwanamke anayekusalimu akiwa amekaa, hakusimamii kichwani kama karani wa kodi.

Fanueli aliporudi likizo, nusura aanguke. Koti lake jeupe lilikuwa na mikunjo ya pasi iliyonyooka kuliko barabara yetu, na funguo kiunoni zikawa zinalia kwa kutetemeka.

"Nani amekupa ruhusa?"

"Nyonga ya yule bibi."

"Unaharibu mali ya serikali!"

"Nimepunguza mbao, Bwana Fanueli. Watu ndio mlikuwa mnawaharibu nyie."

Fanueli akawaandikia wakubwa. Wakubwa wakajibu kwamba watafiti wanakuja kutoka Mbeya kuchunguza afya ya wazee wa nyanda za juu na namna hospitali inavyopaswa kuwahudumia. Ripoti yao ndiyo itakayoamua. Wazee wakionekana wanahitaji chumba, kitabaki. Wakionekana hawahitaji, kitakuwa stoo tena, na mzee atasimama foleni dirishani kama kijana. Basi Apolonia aliposikia hivyo alifurahi! Alisema kimoyomoyo: waje, wazee wenyewe watasema.

Wakaja mwezi wa saba, baridi ikiwa ya kuuma mifupa. Walikuwa wawili. Mkubwa alikuwa daktari wa Kizungu, ambaye watu walimpa jina la Bwana Miwani siku ya kwanza kabla hajamaliza kushuka garini. Kiswahili chake alikitoa kitabuni, kimenyooka, hakina chumvi. Wa pili alikuwa karani wake, Edmund, kijana wa Tukuyu, msafi, mwenye adabu, mwepesi kama swala. Kihehe, lugha ya huku, hakujua, kwa hiyo kazi yote ilikuwa kwa Kiswahili. Bwana Miwani alibaki hospitalini akipima waliolazwa. Edmund alitumwa vijijini na ubao wa kuandikia, na Apolonia akaambiwa amwonyeshe njia na kumbebea mizani.

Fomu ya Edmund ilikuwa na maswali ishirini. La kwanza lilikuwa hili: hali ya mzee, mzima au mgonjwa. Chini yake kulikuwa na amri: akiwa mzima, ruka yote, nenda mwisho uandike kijiji. Apolonia aliisoma njiani, hakuona ubaya. Lawama hiyo alijibebesha mwenyewe baadaye, na mimi simwondolei.

Siku ya pili walifika kwa Mzee Kalinga, nyuma ya kilima cha kwanza. Mzee alikuwa uani anaota jua, anachonga mpini wa jembe. Edmund alisimama mbele yake na ubao kifuani. Apolonia alibaki langoni na mizani kichwani.

"Shikamoo, mzee."

"Marahaba, mwanangu. Karibu."

"Hujambo?"

"Sijambo."

Kalamu ikapita. Mzima. Mzee Kalinga akaweka mpini chini, akajikohoza, akajiweka sawa juu ya kigoda.

"Sijambo, ila..."

"Asante sana, mzee," akasema Edmund kwa heshima zote, akainama kidogo, akageuka. Alikuwa na wazee kumi na wawili wa kuwafikia siku ile.

Apolonia aliuona mdomo wa mzee ukibaki wazi. Walipofika njiani akashindwa kunyamaza.

"Mwanangu Edmund, yule hakuwa amemaliza."

"Amejibu, mama."

"Hajakujibu. Amekusalimu tu."

"Nimemuuliza hujambo, amesema sijambo. Nimtilie neno jingine mdomoni?"

"Kwani kwenu Tukuyu mtu akiulizwa hujambo anasema nafa, niletee jeneza?"

Edmund alicheka, kijana wa watu, hakuwa na roho mbaya. "Mama, nikikaa kwa kila mzee mpaka aishiwe na hadithi, nitamaliza Krismasi." Akaongeza mwendo. Apolonia akamfuata na mizani yake, akinung'unika.

Na hapa nisimame kidogo niseme, maana jambo hili linaniudhi mpaka leo. Nani kati yetu ameulizwa hujambo akajibu mimi mgonjwa? Nani? Hata kwenye msiba, mtu anauliza habari za hapa, mwenye nyumba anasema njema, ila tumefiwa. Njema kwanza! Sijambo ni kumkaribisha mgeni, ni kumpa kigoda akae. Shida yenyewe inakuja baadaye, nyuma ya ila, na kwa mzee inakuja polepole, kwa sababu mzee hamrukii mtu na maradhi yake kabla salamu hazijaisha. Hili halifundishwi shuleni kwa kuwa kila mtoto analijua. Edmund naye alilijua. Lakini mtu akishikishwa fomu, mambo anayoyajua yanamtoka, na anaanza kujua yaliyomo kwenye fomu tu.

Wiki tatu walizunguka. Kila nyumba ikawa hivyo hivyo. Sijambo, ila. Asante, mzee. Apolonia alisema mara ya pili, akasema mara ya tatu, kisha akaacha, akijiambia kwamba daktari mwenyewe si mtoto, atauona upuuzi huu.

Wapi! Jumatatu moja Bwana Miwani aliwakusanya wote kwenye baraza la wodi, akasoma kwa furaha: "Wazee mia moja na arobaini wameulizwa. Mia moja thelathini na mmoja ni wazima kabisa. Hewa ya milima hii ni dawa kubwa. Kwa hiyo chumba maalumu cha wazee hakihitajiki."

Fanueli alipiga makofi peke yake. Apolonia kwanza alicheka. Alicheka kwa sauti, mpaka watu wakageuka. Mia moja thelathini na mmoja! Aliwaona wote machoni mwake: yule wa macho meupe, yule anayeshika ukuta ili ainuke, yule anayekojoa kwa machozi. Wazima kabisa! Kisha kicheko kikamkatikia.

Asubuhi yake Fanueli alikuja na vibarua wawili na masanduku. Akamkuta Apolonia ameketi kwenye kizingiti cha chumba, miguu ameinyoosha mlangoni kote, mikono kifuani. Vitanda viwili vilikuwa na watu ndani, wazee wawili wanakunywa uji na kusikiliza kila neno.

"Mama Marcelino, ondoka."

"Siondoki."

"Nitakuandikia barua ya kufukuzwa kazi."

"Andika. Wewe na kalamu hamwachani. Usisahau na tarehe."

"Ripoti imeshasema!"

"Ripoti haijawahi kumnawisha mtu. Thubutu kupita hapa, Fanueli. Nivuke. Nivuke hawa wazee wakuone."

Vibarua waliteremsha masanduku wakayakalia, maana wao hawakuwa na ugomvi na mtu. Makelele yakamleta Bwana Miwani, na nyuma yake Edmund, shavu moja limevimba kama andazi, amelifunga kwa skafu. Apolonia akamtazama. Akainuka pale kizingitini, akajifuta mikono kwenye kanga, akachukua ubao kwenye kwapa la kijana bila kuomba, akasimama mbele yake wima.

"Hujambo, mwanangu?"

"Sijambo, mama, ila jino..."

"Asante sana!" Akainama kidogo, kwa heshima zote, akampa mgongo. "Huyu mzima. Anayefuata! Bwana Fanueli, hujambo?"

"Sijambo, ila wewe mwanamke..."

"Asante sana! Naye mzima. Wawili wazima. Hewa ya milima hii ni dawa kubwa!"

Ndani ya chumba mzee mmoja alipaliwa na uji kwa kicheko. Bwana Miwani alitazama huku na huku. "Mimi sifahamu," akasema. Edmund hakucheka. Alikuwa ameinamisha kichwa, mkono shavuni. Akaanza kueleza kwa Kiingereza, taratibu, akisimama na kuanza tena, na kila alivyoeleza ndivyo uso wa Mzungu ulivyozidi kuwa mwekundu. Mwisho Bwana Miwani akavua miwani.

"Kitabu changu," akasema, "kinasema sijambo maana yake ni mimi mzima."

"Kitabu chako kiliishia hapo, bwana daktari. Sisi huwa tunaendelea."

"Maneno matupu hayo," Fanueli akadakia. "Anatetea vitanda vyake huyu."

"Ndiyo, natetea vitanda vyangu! Ulitaka nitetee masanduku?"

Bwana Miwani aliinua mkono. Alikuwa mtu wa haki kwa namna yake, ila alipenda mambo yathibitishwe. Akasema watarudi kwa mzee mmoja, aliyeandikwa mzima. Akisema vile vile, masanduku yataingia leo hii kabla jua halijatua. Akisema vingine, fomu zote zitachanwa, wazee wote wataulizwa upya, na chumba kitabaki. Apolonia achague nani.

Apolonia hakufikiri. "Mzee Kalinga. Alibaki mdomo wazi."

"Mama," Edmund akasema kwa unyonge, "naomba nikang'olewe jino kwanza."

"Jino litangoja. Wazee wamengoja wiki tatu."

Wakapanda kilima wawili, yeye na Edmund, bila mizani safari hii. Apolonia alitembea mbele, anajisemea, amejaa ushindi kabla haujafika. Walipoingia uani aliona hapajafagiliwa, akaona na kuku wanalala juu ya kinu. Mzee Kalinga alikuwa kwenye kigoda kile kile, lakini hakuwa anachonga kitu.

"Kamwene, baba," Apolonia akasalimu Kihehe, kisha akaketi chini na kunyoosha miguu. Edmund alitafuta mahali, akaketi kwenye gogo, akaweka ubao chini kifudifudi.

"Shikamoo, mzee."

"Marahaba, mwanangu. Umerudi."

"Nimerudi. Hujambo?"

"Sijambo."

Edmund hakusema kitu. Apolonia naye, mwanamke yule wa maneno, alifunga mdomo wake. Kuku alishuka kwenye kinu, akapita katikati yao, akaenda zake. Mzee alitazama mikono yake.

"Sijambo, wanangu, ila siku ile mlivyokuja nilikuwa na neno. Mimi sikuwa naumwa. Bibi yenu ndiye alikuwa ndani humo. Kifua kilimbana tangu Jumapili, alikuwa halali, anakaa tu kapiga magoti. Nikasikia kule kwenu kuna vitanda mtu mzima anapanda mwenyewe, hadondoki. Mlivyoingia nikasema Mungu kawaleta. Nilitaka mniandikie cheti, vijana wa jirani wambebe." Akapumzika. "Nikasema nimalize salamu kwanza. Si adabu kumvamia mgeni. Basi nilipofika kwenye ila, mkaaga. Nikajua labda nafasi zimejaa. Tukamzika Alhamisi."

Hakuwalaumu. Laiti angewalaumu! Aliwaambia kama mtu anayeeleza mvua ya mwaka jana, na hicho ndicho kilichomchoma Apolonia. Alitazama lango alilosimama siku ile. Kutoka pale mpaka mlango wa nyumba hazikuzidi hatua kumi. Angeweza kuitua ile mizani. Angeweza kupiga hodi. Alilia pale pale, waziwazi, kwa uchungu na kwa hasira, na hasira yenyewe nusu ilikuwa ya kujikasirikia.

Skafu ilikuwa imemlegea Edmund shingoni, hata jino nadhani alilisahau. Kisha akachukua ubao, akatoa fomu mpya. Mkono wake haukuwa ule mwepesi.

"Alikuwa anaitwa nani, mzee?"

"Severina."

Akaandika. Kisha akakwama, akamgeukia Apolonia. "Mama, fomu hii ni ya walio hai. Hapa kwenye hali kuna mzima na mgonjwa tu. Niandike nini?"

Apolonia alijifuta uso kwa pindo la kanga. "Yakate yote mawili. Andika: hakuulizwa."

Edmund akakata, akaandika. Mzee Kalinga, ambaye hakujua kusoma, akaomba asomewe. Kijana akasimama, akasoma kama anayesoma kanisani: "Severina, mke wa Kalinga. Hakuulizwa."

"Ndivyo ilivyokuwa," akasema mzee.

Karatasi ile iliwekwa mezani mwa Bwana Miwani jioni hiyo, peke yake. Aliisoma, akauliza maana ya neno la mwisho ingawa alilijua, na Edmund akamwambia. Ripoti ya mwanzo akaichana kwa mkono wake. Akaagiza wazee wote mia moja na arobaini waulizwe upya kuanzia nyumba ya kwanza, karani akae chini, na asigeuze ukurasa mpaka mzee mwenyewe aseme basi. Masanduku ya Fanueli yakarudi chini ya paa la jiko.

Fanueli, tumpe haki yake, alikuja mwenyewe mpaka chumba cha mwisho. Alimkuta Apolonia anatandika.

"Haya, Mama Marcelino. Umeshinda."

"Nimeshinda nini?" akasema Apolonia, hakuinua kichwa. "Vitanda viwili vilikuwa vitupu siku ile, na Severina alikuwa nyuma ya kilima kimoja tu. Shika shuka upande huo, univutie."

Fanueli akashika shuka.